Pongala ya Attukal: namna ya kupika chungu kinachotakiwa kufoka

Mama yangu, mtu wa Pangani, hakuwa na kosa alilolichukia jikoni kama chungu kufoka. Wali ukifoka majivu yanaruka, moto unazimika nusu, nawe unaitwa mzembe mbele ya wageni. Nilipokwenda kusoma Thiruvananthapuram, mji mkuu wa jimbo la Kerala kusini mwa India, nikakuta barabara nzima ya wanawake wamechuchumaa mbele ya vyungu wakingoja jambo hilohilo litokee. Kilipofoka cha kwanza, wakapiga vigelegele.

Jina lenyewe ndiyo maana yake. Neno pongala limetoka kwenye kitenzi cha Kimalayalam na Kitamil chenye maana ya kuumuka na kufoka. Ni wali mtamu wa sukari guru na nazi ambao wanawake humpikia Attukal Bhagavathy, mungu wa kike ambaye wenyewe humwita Attukal Amma, yaani Mama wa Attukal, mtaa wa mji huo lilipo hekalu lake. Hupikwa siku moja tu kwa mwaka, nje, juani, na wapishi ni wanawake peke yao. Wanaume hubeba maji, huelekeza magari na kugawa vinywaji. Kitabu cha rekodi cha Guinness kimeitaja mara mbili kuwa mkusanyiko mkubwa wa wanawake kuliko wowote duniani: mwaka 1997, walipokadiriwa kuwa milioni 1.5, na mwaka 2009, milioni 2.5. Vyungu hutoka hekaluni vikaenda kilomita kadhaa kila upande, vikapita East Fort, vikafika kituo cha treni cha Thampanoor na kuendelea kando ya barabara kuu ya MG Road.

Nayaandika haya kwa mwanamke aliyealikwa na jirani au mwenzake wa kazini, na kwa yule anayetaka kupika nyumbani. Kama umekulia pwani yetu, robo tatu ya kazi unaijua tayari: mafiga, makuti, nazi, chungu. Robo iliyobaki ndiyo itakayokusumbua.

Na kwa msomaji Mwislamu au Mkristo anayejiuliza: hakuna atakayekulazimisha kuabudu. Ukialikwa kusaidia kukoka moto na kukuna nazi, umesaidia jirani. Chakula kikishatolewa sadaka, kama dini yako haikuruhusu kukila, sema mapema na kwa adabu, wala hawatanuna. Watu wa Kerala wameishi na misikiti na makanisa mtaa mmoja kwa karne nyingi. Mwaka 2025 pongala iliangukia tarehe 13 Machi, katikati ya Ramadhani, na mambo yakaenda.

Kwanza, mjue unayempikia

Usiende na chungu bila kujua hadithi, maana hadithi ndiyo inayoamua saa ya kuwasha moto.

Attukal Amma huhesabiwa kuwa ni Bhadrakali, mungu wa kike mkali wa Kihindu, na pia ni Kannagi, mwanamke wa simulizi la kale la Kitamil. Mumewe Kovalan alikwenda Madurai kuuza mtali wa mguuni wa mkewe, maana fedha zilikuwa zimewaishia. Akasingiziwa kwamba ameiba mtali wa malkia, na mfalme wa Pandya akaamuru auawe bila kumsikiliza. Kannagi akaingia barazani na mtali wa pili mkononi. Wa malkia ulikuwa na lulu ndani. Akaupasua wake mbele ya mfalme, zikaruka rubi. Kisha akauteketeza mji wa Madurai kwa hasira yake.

Watu wa Attukal husema kwamba baada ya hapo alishuka kusini, akapita Kerala akielekea mji wa Kodungallur, na njiani akapumzika kwao. Wanawake walipomwona mgeni huyo mwenye moto kifuani, wakafanya kitu pekee walichoweza: wakampikia. Lipo na simulizi jingine, la mzee wa ukoo wa Mulluveettil aliyekuwa kando ya mto Killi, akatokewa na binti aliyeomba avushwe. Usiku ule akamwota, naye akamwonyesha mistari mitatu ardhini katika kichaka kitakatifu, kwamba hapo ndipo pa kumjengea.

Kwa hiyo unapopika pongala unamtuliza mwanamke aliyedhulumiwa. Mimi hilo lilinibadilisha namna ya kukaa mbele ya moto.

Tarehe

Sikukuu nzima huchukua siku kumi, katika mwezi wa Kumbham wa kalenda ya Kimalayalam, yaani Februari au Machi. Siku ya kwanza mungu huvishwa bangili, na nyimbo za Kannagi huanza kuimbwa hekaluni. Pongala ni siku ya tisa, nyota ya Pooram inapokutana na mwezi mpevu. Tarehe hubadilika kila mwaka: 2023 ilikuwa 7 Machi, 2024 ilikuwa 25 Februari. Uliza miezi mitatu kabla, maana vyumba vya wageni mjini hujaa na treni pia.

Siku za kujizuia

Wenye nadhiri hufunga tangu siku ya kwanza. Wengine hufunga siku chache tu. Kufunga huku si kwa kuacha kula mchana kama tunavyofunga sisi. Ni kuacha nyama, samaki, mayai na pombe, kula chakula chepesi, kuoga kabla ya sala, na kuchunga ulimi. Wanawake walio katika hedhi kwa desturi hawapiki siku ile. Kama wewe ni mgeni, fuata angalau hili la nyama na samaki, kwa heshima ya waliokualika, na usipike samaki kwenye chombo ambacho utakibeba kwenda nacho.

Chungu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza chungu kilipasuka mikononi mwangu, kwa kosa langu mwenyewe.

Chungu lazima kiwe kipya, cha udongo. Wiki ile mji mzima hujaa vyungu vyekundu vilivyopangwa kandokando ya barabara. Usinunue kwa uzuri. Kigonge kwa kiungo cha kidole: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti ya kufa kina ufa usiouona. Kiinue juani utazame kwa ndani. Tazama na kitako, kisiwe na bonde.

Kipime ukubwa kwa mahitaji yako. Wageni wengi hununua kikubwa wakidhani ndiyo ibada zaidi, halafu maji hayafiki shingoni na chungu hakifoki. Kidogo kilichojaa ni bora. Kwa mtu mmoja au familia ya watu wanne, lita 2.5 zatosha kabisa.

Ukifika nacho nyumbani kitumbukize chote ndani ya ndoo ya maji, kilale humo usiku kucha. Udongo utakunywa. Asubuhi kisugue kwa kumbi la nazi bila sabuni, maana sabuni huingia kwenye vitundu vya udongo na itatoka siku ya kupika. Kisha kijaze maji uliyooshea mchele, kiweke kwenye moto mdogo, kichemke taratibu kama nusu saa, kipoe chenyewe. Mimi hatua hii niliiruka. Nilikiosha tu kwa juu, nikakiinjika kikavu kwenye moto mkali, ndipo nikamimina maji. Kikatoa sauti kama fimbo inayovunjika. Mwenye nyumba wangu, niliyemwita Chechi, yaani dada mkubwa, alinitazama tu, akanipa chungu chake cha akiba. Wenye uzoefu hubeba viwili.

Kuni na vitu vingine

Kuni bora ni za mnazi, na hapa mtu wa pwani yuko kwao. Makuti makavu ni ya kuwashia. Karara, lile ganda refu linalofunika shada la maua ya mnazi, huwaka kwa moto wa wastani, nayo ndiyo utakayotumia zaidi. Vifuu huwekwa mwisho, vinatoa kaa la nguvu lisilo na moshi mwingi. Kata kila kitu urefu wa mkono mmoja, funga mafungu, yaanike juani siku mbili. Kuni mbichi siku ile ni mateso kwako na kwa majirani kumi.

Mchele unaotumiwa huko ni mwekundu usiochemshwa kabla, unaoitwa unakkalari. Ukikosa, tumia mchele wowote mnene unaotoa ute. Huu wetu mrefu wenye harufu, unaoachana punje kwa punje, haufai, kwa sababu ute ndio unaofanya povu.

Kwa chungu cha lita 2.5, mimi hubeba hivi: mchele gramu 300, sukari guru gramu 450, nazi 1 iliyokomaa, ndizi mbivu ndogo 3, samli vijiko 3 vya chakula, iliki 6 zilizotwangwa, korosho na zabibu kavu kiganja kimoja kimoja. Sukari guru ikatekate nyumbani. Kama ina mchanga, iyeyushe kwa maji kidogo, uichuje, uibebe kwenye chupa. Nazi ikune nyumbani asubuhi ileile. Ukiikuna usiku itachacha kwa joto la huko.

Ongeza upawa wa kifuu wenye mpini, upepeo wa kupepea moto, matambara mawili mazito ya kuepulia, jani la mgomba, ndoo ya maji, kofia au mwavuli, na sahani na kikombe chako cha chuma. Hili la mwisho si hiari: halmashauri ya jiji imepiga vita plastiki katika sikukuu hii, na wanaogawa chakula na maji ya bure hutarajia uje na chombo chako.

Nguo ziwe za pamba. Wanawake wa Kerala huvaa nguo zao nyeupe za pindo la dhahabu. Wewe vaa unachoweza kukikunja na kukichomeka kiunoni. Nguo za nailoni ziache nyumbani, na mtandio unaoning'inia pia, maana utakuwa na moto mbele, moto nyuma, na mwingine kila ubavu.

Mahali na matofali

Mafiga ni matofali matatu. Huuzwa kando ya barabara siku zile, na watu huyapanga siku kadhaa kabla ili kushika nafasi, wengine wakiandika majina kwa chaki. Usihamishe tofali la mtu hata kama unaona hayupo. Atakuja, tena na shangazi zake.

Usitamani kuwa mlangoni mwa hekalu. Pale wapo waliolala siku mbili, na moshi wake si wa kawaida. Mwaka wangu wa pili nilikaa kwenye mtaa wa ndani, ambako wenye nyumba walitufungulia choo na bomba, na sikujuta. Kwetu tunasema jifya moja haliinjiki chungu, na huko nimeona maana yake: aliyepungukiwa tofali humwomba jirani wa kulia, wa kushoto humpa kuni, na kabla ya moto kuwashwa mmeshajuana majina.

Acha upana wa hatua moja kati ya meko yako na ya jirani. Panga matofali ili mdomo wa kutilia kuni utazame upande wako, nawe ukae ukielekea mashariki. Tikisa chungu juu ya mafiga kabla ya kuweka chochote. Kikicheza, rekebisha sasa.

Meza ya Ganapathi

Fika kabla ya jua kuchomoza. Ukishapanga mafiga, kabla hujagusa mchele, huwekwa sadaka ndogo ya Ganapathi, mungu mwenye kichwa cha tembo, ambaye katika ibada za Kihindu hutangulizwa ili vizuizi viondoke. Tandaza ncha ya jani la mgomba mbele ya meko. Juu yake weka pepeta, bisi za mpunga, kipande cha sukari guru, ndizi, maua, na jani la tambuu pamoja na popoo. Pembeni weka taa ya utambi na chombo kidogo cha maji.

Nilipoona pepeta na tambuu kwenye jani lile nilicheka peke yangu. Chechi akauliza kuna nini. Nikamwambia kwetu Tanga na Unguja navyo vipo, mtu hapeleki posa bila tambuu. Akasema, basi hujaja ugenini.

Kungoja moto

Sasa ndiyo ile robo ngumu. Utakaa saa tatu au nne na chungu kilicho tayari bila kuwasha. Hakuna anayewasha kabla.

Hekaluni waimbaji wanakuwa wamefika mahali katika wimbo ambapo mfalme wa Pandya anauawa. Hapo tu, haki ikishatendeka, ndipo kuhani mkuu anapopokea taa iliyowashwa ndani kabisa kwa mungu. Anawasha meko ya jikoni mwa hekalu, kisha moto unapelekwa kwenye meko kuu iliyo mbele ya hekalu, inayoitwa pandara aduppu. Ngoma za chenda zinapigwa, baruti zinalipuka, vipaza sauti vinatangaza mji mzima. Kwa kawaida ni kati ya saa nne na saa tano asubuhi.

Wanawake hupiga vigelegele, kwa Kimalayalam huitwa kurava. Ni kama vyetu, ila vyao ni vizito kidogo, ulimi haukimbii sana. Piga chako. Watageuka kukutazama, kisha watakuomba urudie.

Moto hutembea kwa mkono. Aliye karibu na hekalu anawasha kuti, anampa wa pili, wa pili anawasha meko yake na kumpa wa tatu. Uwe na kishungi cha makuti makavu tayari. Usiwashe kwa kiberiti moto ukiwa unakuja. Walio mbali sana huwasha tangazo likitoka, na hakuna anayewalaumu.

Kupika

Maji yawemo chunguni kabla ya moto. Yajaze robo tatu. Koka kwa makuti, tia karara mbili, acha udongo upate joto taratibu kwa dakika kumi za mwanzo. Kisha ongeza.

Maji yakitokota, osha mchele na uutie kwa viganja, kiganja baada ya kiganja, huku unasema moyoni unachokiomba. Sasa tazama kina. Mchele ukishatulia chini, maji yawe vidole viwili chini ya mdomo. Yakipungua, ongeza ya moto, au tui jepesi kama wengine wanavyofanya. Ya baridi yatapasua chungu.

Chochea. Hapa ndipo mkono wangu uliolelewa Pangani ulipoasi: povu lilipoanza kupanda nilitaka kuvuta kuni, kupuliza, kuchota povu kwa upawa. Chechi alinishika kiwiko. Usipulize, usikoroge, usifunike. Acha lipande. Litapanda jeupe, litasimama ukingoni kama linafikiri, kisha litamwagika ubavuni na kugusa moto kwa mlio wa kuchoma. Hiyo ndiyo pongala. Unganisha viganja, piga kigelegele, jirani atakuitikia.

Wanasema likimwagikia mashariki ni heri kubwa. Chechi huinua kidogo tofali la magharibi kwa kipande cha kigae, halafu kila mwaka anashangaa kwamba chake kimemwagikia mashariki.

Baada ya kufoka vuta kuni mbili nje, moto ushuke. Pika mchele mpaka uwe laini kabisa, uweze kuusaga kwa vidole viwili. Usitie sukari kabla ya hapo, maana mchele ukishakutana na sukari guru hauivi tena, utabaki na kiini kigumu hata ukiupikia mpaka jioni. Ukiona maji yamebaki mengi, yachote sasa.

Tia sukari guru, koroga mfululizo kutoka chini, kwani kuanzia hapa unaweza kuungua kwa dakika moja. Rangi itageuka kahawia ya kung'aa. Ikishikana, tia nazi, ndizi zilizokatwa, iliki, kisha samli, korosho na zabibu. Epua ikiwa bado laini kidogo. Itakaza yenyewe.

Na usionje. Hata kwa ncha ya kidole. Sadaka haionjwi na binadamu kabla ya mungu kupewa, kwa hiyo utapika kwa macho na pua. Ndiyo maana vipimo nimeviandika.

Vyakula vya pembeni

Wengi hupika na vitu viwili zaidi kwenye meko ya pili. Therali ni unga wa mchele uliokandwa na sukari guru, ndizi zilizopondwa, nazi na iliki, ukafungwa ndani ya jani la mdalasini pori lililokunjwa kama koni na kubanwa kwa kijiti cha chelewa. Hupikwa kwa mvuke kama nusu saa. Jani lenyewe haliliwi, ila harufu yake yote inahamia ndani.

Mandaputtu ni wa wenye maumivu ya kichwa, au wanaomwombea mtu mwenye maradhi ya kichwa. Choroko hukaangwa kavu na kusagwa, zikachanganywa na unga wa mchele, sukari guru, nazi na samli, kisha donge likafinyangwa mfano wa kichwa na kupikwa kwa mvuke. Jua lile, kila mtu ana sababu ya kupika mandaputtu.

Kungoja maji

Chakula kikishaiva, kifunike kwa jani la mgomba, kaa kivulini kama kipo. Joto la mwezi ule hufika nyuzi 33 au zaidi, na wewe umekaa na moto tangu asubuhi. Kunywa maji kabla ya kiu. Vijana watapita na mtindi mwepesi wenye tangawizi, pilipili mbichi na chumvi; usiukatae, ndio unaokurudishia chumvi ya mwilini. Ukiungua, mwagia maji safi ya kawaida kwa dakika ishirini, usipake samli wala majivu, kisha tafuta hema la wauguzi. Yako kila kona.

Mchana, kati ya saa saba na saa tisa, tangazo hutoka tena. Makuhani walioteuliwa na hekalu hutawanyika mitaani na vyombo vya maji matakatifu. Akikukaribia, funua chungu, rudi nyuma hatua moja. Atanyunyiza matone machache na kupita. Ndiyo sadaka imepokelewa. Miaka mingi ndege ndogo hupita juu wakati huo ikimwaga maua, na wanawake walionuna kwa moshi tangu alfajiri huinua nyuso wakicheka.

Sasa unaweza kuonja.

Kuondoka

Usiondoke mara moja. Serikali huweka treni na mabasi ya ziada, lakini dakika zile za kwanza watu wote wanataka kupita mlango mmoja, na kila mmoja amebeba chungu cha moto. Kaa saa moja. Zima moto kwa maji mpaka majivu yasitoe mvuke, kisha geuza vijinga uone kama vimekufa kweli.

Matofali yaache palepale. Wafanyakazi wa jiji huyakusanya, yakatumika kujengea nyumba za watu wasio na uwezo. Majani na maua weka panapoelekezwa. Ukipita njia ileile usiku utakuta imefagiwa na kuoshwa, kama hapakuwa na kitu. Kama unalala karibu na mtaa wa Manacaud, ujue usiku huo sanamu ya Amma hubebwa juu ya tembo kwa maandamano kwenda hekalu la mungu Sastha na kurudi asubuhi, hivyo magari hayapiti.

Chungu kibebe kwenye kikapu, kimekalia pete ya makuti au kitambaa, kimefunikwa jani. Kifike nyumbani kisha kigawe, kuanzia kwa wasioweza kwenda: wazee, wagonjwa, majirani wa dini nyingine. Kina nazi, hakilali nje ya friji mpaka kesho.

Ukiwa mbali

Mwaka 2021 na 2022, kwa sababu ya korona, wanawake waliombwa wapikie majumbani, nao wakafanya hivyo uani na barazani. Kwa hiyo usijione umepungukiwa ukiwa Dar es Salaam, au Muscat ambako jirani yako wa ghorofa ya pili huenda ni Mmalayali, mtu wa Kerala. Uani, mafiga matatu yanatosha. Kwenye ghorofa tumia jiko la gesi, ukiweka bati la kusambaza moto chini ya chungu, na usiwashe mkaa ndani ya nyumba wala kwenye roshani iliyofungwa, moshi wake unaua. Tandaza foili kuzunguka jiko, kwa sababu kitafoka, na sukari bado haimo, kwa hiyo kusafisha ni kazi ya dakika tano.

Chungu chenyewe usikitupe. Kiloweke kwa maji ya moto, ganda la chini litabanduka bila kukwaruzwa, kianike juani siku nzima. Changu cha mwaka wa pili bado ninacho, kina mstari mweusi ubavuni mahali povu lilipopitia, na siku hizi nakipikia kunde za nazi. Mama alipokiona aliuliza nani aliyekiacha kifoke namna ile.